Mchokozi Huonekana Kwanza: Historia ya Utafiti Kuhusu Mtazamo wa Watoto Juu ya Wenzao Wakimya, 1928–2005

Mwaka 1928 ilichapishwa nchini Marekani ripoti ya E. K. Wickman kuhusu jinsi walimu wanavyoipima mienendo ya watoto darasani. Walimu 511 wa shule za msingi na wataalamu 30 wa afya ya akili walipewa orodha ya mienendo 50 na kutakiwa kukadiria uzito wa kila mmoja. Walimu waliweka juu wizi, ukaidi, ukatili na mambo yanayogusa jinsia. Chini kabisa waliweka haya, woga na tabia ya kujitenga. Wataalamu waliipindua orodha hiyo: kwao, mtoto aliyejitenga ndiye aliyestahili kuangaliwa mapema, na kelele za darasani zilikuwa jambo dogo. Wakosoaji walionyesha baadaye kwamba makundi hayo mawili hayakuulizwa swali moja. Walimu walielekezwa wajibu upesi kwa kufikiria usumbufu wa wakati ule, ilhali wataalamu waliombwa wafikirie athari za siku za usoni. Pamoja na kasoro hiyo, ripoti ya Wickman iliweka mezani jambo ambalo halikuondoka tena: mtoto mkimya huweza kupita shule nzima bila kuonekana na yeyote.

Wickman aliwachunguza watu wazima. Swali kuhusu watoto wenyewe lilibaki wazi. Mtoto wa miaka saba anayeketi dawati moja na mwenzake mkimya hutambua nini juu yake, na akifika miaka kumi na miwili hutambua nini zaidi? Insha hii inafuatilia historia ya swali hilo tangu miaka ya 1930 hadi mwanzo wa karne hii. Hoja yake ni kwamba umri humpa mtoto uwezo wa kumwona mwenzake mkimya, lakini haumfundishi maana ya ukimya huo. Maana hutoka katika jamii na katika wakati, na watafiti walichelewa kulitambua hilo kwa sababu kwa muda mrefu waliwahoji watoto wa aina moja ya shule. Neno uchokozi linatumika hapa kwa mienendo ya kugombana, kuvuruga na kuwaudhi wengine. Kujitenga linatumika kwa mienendo ya haya, ukimya na kukaa peke yake, pasipo kudokeza kwamba mienendo hiyo ni ugonjwa.

Watoto wanaanza kuulizwa

Njia ya kuwauliza watoto juu ya wenzao ilipata umaarufu kupitia kazi za Jacob Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889, akasomea udaktari Vienna, kisha akahamia Marekani. Katika shule moja ya umma ya Brooklyn, Moreno aliwauliza wanafunzi, kuanzia wa chekechea hadi wa darasa la nane, wangependa kuketi karibu na nani. Majibu aliyachora kama ramani: kila mtoto alikuwa duara au pembetatu, na kila chaguo lilikuwa mstari. Tarehe 3 Aprili 1933 gazeti la New York Times liliandika habari za ramani hizo, na mwaka uliofuata Moreno alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu upimaji wa mahusiano, taaluma aliyoiita sosiometri.

Ramani za Brooklyn zilionyesha mambo mawili yanayohusu umri. Kwanza, katika madarasa ya chini kulikuwa na watoto wengi wasiochaguliwa na yeyote, na jozi za waliochaguana zilikuwa chache. Kadiri madarasa yalivyopanda, waliochaguana waliongezeka. Pili, walimu walipoombwa kubashiri nani angechaguliwa, ubashiri wao ulikuwa bora katika madarasa ya chini na ulizidi kukosea katika madarasa ya juu. Hili la pili ndilo lenye uzito zaidi. Maana yake ni kwamba watoto wanapokua hujenga mtazamo wao wenyewe juu ya wenzao, mtazamo ambao mtu mzima aliye mbele ya darasa hauoni.

Mwaka huohuo wa 1933 Helen Koch alichapisha utafiti wa watoto wa shule ya awali. Kwa kuwa watoto hao hawakuweza kuandika, aliwatajia majina ya wenzao mawili mawili na kuwauliza yupi wanampenda zaidi. Mbinu hiyo ilithibitisha kwamba hata mtoto wa miaka minne ana mpangilio fulani wa wenzake kichwani mwake.

Hata hivyo ramani ya Moreno ilikuwa na upofu wake. Mtoto asiye na mstari unaomwelekea alionekana kama mtengwa, lakini ramani haikueleza kama wenzake walimchukia, walimwogopa, au hawakumkumbuka tu. Mary Northway wa Toronto ndiye aliyeushughulikia upofu huo katika makala yake ya mwaka 1944 kuhusu watoto wasiokubalika sana na wenzao. Miongoni mwao aliwatofautisha watoto waliofifia, ambao hawakuonyesha shauku ya jambo lolote. Watoto waliojishughulisha na mambo yao na kutojali yale ya kundi. Na watoto waliofanya fujo na majivuno kwa kuwa walitaka mno kukubalika. Kwa macho ya ramani wote walikuwa sawa. Northway alionyesha kwamba wawili wa kwanza walikuwa wakimya kwa sababu tofauti, na wa tatu hakuwa mkimya hata kidogo. Inashangaza kwamba ilipita karibu miaka arobaini kabla tofauti hiyo haijawekwa katika kipimo kilichokubalika. Mwaka 1982 John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli, waliofanya kazi na wanafunzi wa darasa la tatu, la tano na la nane, waliuliza maswali mawili badala ya moja: unampenda nani zaidi, na humpendi nani zaidi. Mtoto anayetajwa sana katika swali la pili wakamwita aliyekataliwa. Asiyetajwa katika lolote wakamwita aliyesahauliwa. Swali hilo la pili limezua mjadala wa kimaadili ambao haujaisha, kwani kumtaka mtoto ataje jina la mwenzake asiyempenda ni kumfundisha kwamba jina kama hilo lazima liwepo.

Ngazi ya umri na tatizo la maelezo

Wakati sosiometri ikichora nani anachagua nani, tawi jingine la saikolojia lilitaka kujua mtoto anamwona mwenzake kama mtu wa namna gani. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu hukumu ya maadili, aliwatazama watoto wa Uswisi wakicheza gololi na kuwasimulia visa viwili viwili. Kisa mashuhuri ni cha mtoto aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya na mwingine aliyevunja kikombe kimoja alipokuwa akidokoa jemu. Wadogo walimhukumu vibaya zaidi wa vikombe 15. Wakubwa walitazama nia. Kutokana na visa hivyo lilijengeka wazo kwamba mtoto mdogo huona nje ya mwenzake, yaani tendo na madhara yake, na kwamba ndani yake, yaani nia na tabia, huonekana baadaye.

Wazo hilo lilipata mwili wa takwimu mwaka 1973, W. J. Livesley na D. B. Bromley walipochapisha utafiti wa watoto 320 wa Uingereza wenye umri wa miaka 7 hadi 15, walioombwa kuwaeleza watu wanaowafahamu, watoto wenzao wakiwemo. Watoto wa miaka saba walieleza sura, mali, mahali pa kuishi na nani ana mbwa. Watoto wa miaka minane na kuendelea walianza kutumia maneno ya tabia. Waandishi hao walisema kwamba mabadiliko kati ya miaka saba na minane mara nyingi yalizidi yale ya kati ya miaka minane na kumi na mitano. Mwaka 1981 Carl Barenboim aliongeza hatua nyingine: mtoto huanza kwa kulinganisha matendo (fulani hukimbia kuliko fulani), hufuata kutaja sifa za ndani (fulani ni mkaidi), na akikaribia ujana hulinganisha sifa za ndani (fulani ana haya kuliko fulani).

Ngazi hii inavutia kwa unyoofu wake, na imeingia katika vitabu vingi vya kufundishia walimu, vikiwemo vinavyotumika Afrika Mashariki. Lakini ngazi ilijengwa kwa maelezo, na hapo ndipo penye mtego. Maelezo ya maandishi au ya mdomo hupima vitu viwili kwa pamoja, yaani kile mtoto anachokiona na kile anachoweza kukisema mbele ya mtu mzima asiyemfahamu. Mtoto wa miaka saba ana msamiati mdogo wa tabia, naye huandika polepole. Watafiti waliopunguza mzigo wa maelezo walipata matokeo tofauti. Mwaka 1980 Sharon Nelson alitumia visa vifupi vilivyoambatanishwa na picha zinazoonyesha nia ya mhusika, akakuta kwamba watoto wa miaka mitatu waliweza kuizingatia nia hiyo katika kuhukumu. Mwaka 1999 Gail Heyman na Susan Gelman walionyesha kwamba watoto wa miaka minne wakiambiwa kuwa mtoto fulani ni mwema au ni mwenye roho mbaya, huweza kukisia jinsi atakavyojisikia katika hali nyingine. Uwezo wa kuona ndani ya mwenzake, basi, haukuanza ghafla mwaka wa nane wa maisha. Kilichobaki kuelezwa ni kwa nini baadhi ya sifa za ndani huonekana mapema na nyingine huchelewa.

Montreal: kipimo kinajichunguza

Jibu lililo bora zaidi lilitoka katika mradi ambao haukukusudia kulijibu swali hilo. Mwaka 1976 Jane Ledingham na Alex Schwartzman wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, walianza kuwachunguza watoto wanaozungumza Kifaransa katika shule za mitaa ya watu wa kipato cha chini. Zaidi ya watoto 4,000 wa darasa la kwanza, la nne na la saba walipewa dodoso lenye maelezo mafupi ya mienendo na kutakiwa kuwataja wenzao wa darasani wanaofanana na kila elezo: anayeanzisha ugomvi bila sababu, asiyeweza kutulia, aliye na haya kiasi cha kutopata marafiki kwa urahisi, asiyechezwa naye, anayependwa na wote. Lengo lilikuwa la kitabibu. Watafiti walitaka kuwafuatilia kwa miaka mingi watoto walioonekana wachokozi, waliojitenga, au wenye sifa zote mbili, ili wajue ni akina nani wangepatwa na matatizo makubwa ya akili ukubwani. Wachaguzi walikuwa watoto wenyewe, kwa imani kwamba wenzao wa darasani huona mengi ambayo mwalimu haoni. Imani hiyo ilikuwa na msingi, kama Moreno alivyokwisha kuonyesha.

Mwaka 1985 Alastair Younger, Schwartzman na Ledingham waliyarudia majibu hayo kwa jicho jingine. Badala ya kuuliza nani ametajwa, waliuliza ni maelezo yapi watoto wa kila darasa waliyaona kuwa ya aina moja. Kama watoto wanamtambua mchokozi kama aina ya mtu, basi yule anayetajwa kwa kuanzisha ugomvi atatajwa pia kwa kukatiza wenzake na kwa kutotulia. Ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa hivyo katika madarasa yote matatu. Hata wa darasa la kwanza walimfahamu mchokozi kama mtu mmoja mwenye sura nyingi. Kwa maelezo ya kujitenga hali ilikuwa tofauti. Katika darasa la kwanza maelezo hayo yalitawanyika: mtoto aliyetajwa kwa haya si lazima atajwe kwa upweke wala kwa huzuni. Yalianza kukusanyika katika darasa la nne, na kufikia darasa la saba yalikuwa yameshikamana.

Umuhimu wa matokeo haya ni rahisi kupita bila kuonekana, kama mtoto mkimya mwenyewe. Mradi ulikuwa umetumia majibu ya watoto wa darasa la kwanza kuamua nani kati yao amejitenga, na sasa ukagundua kwamba kwa watoto hao aina hiyo ya mtu ilikuwa bado haijaumbika vizuri. Ufuatiliaji wa miaka mitatu uliochapishwa mwaka huohuo ulielekea upande uleule: watoto waliotajwa kuwa wachokozi waliendelea kutajwa hivyo, ilhali tuzo la kuitwa mkimya lilihamahama, hasa kwa waliokuwa wadogo zaidi. Ingewezekana kusema kwamba haya ya watoto wadogo hupita yenyewe. Lakini ingewezekana vilevile kusema kwamba hayakupita. Macho yaliyoyatazama ndiyo yaliyokuwa bado machanga. Majaribio ya kumbukumbu yaliyofanywa baadaye na Younger na wenzake yaliipa nguvu tafsiri ya pili. Watoto walisikilizishwa habari za mtoto wa kubuni, kisha wakaulizwa wanakumbuka nini. Habari za uchokozi zilikumbukwa vizuri na watoto wa umri wote. Za kujitenga zilikumbukwa zaidi kadiri umri ulivyoongezeka.

Sababu zinaweza kuelezwa bila istilahi nzito. Uchokozi humgusa mtazamaji: penseli yangu imenyakuliwa, mchezo wetu umevurugwa. Mtoto hahitaji kulinganisha chochote ili aujue. Ukimya ni kutokuwapo kwa kitu. Ili mtoto aone kwamba mwenzake hakujiunga na mchezo, lazima awe na picha kichwani ya jinsi watoto wa umri wake wanavyotarajiwa kujiunga, na amlinganishe na picha hiyo. Watoto wa miaka mitano au sita wengi hucheza peke yao wakati mwingine. Anayefanya hivyo haonekani kuwa tofauti. Kufikia miaka kumi au kumi na mmoja makundi yameshaundwa, mazungumzo yamechukua nafasi ya mbio na gololi, na anayekaa pembeni huonekana yuko pembeni. Hapa ngazi ya Barenboim inapata maana mpya: kulinganisha sifa za ndani ndiko hasa kunakohitajika kumwona mtoto mwenye haya.

Kilichokuwa hatarini hakikuwa cha nadharia tu. Mwaka 1988 Avshalom Caspi, Glen Elder na Daryl Bem walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliozaliwa Berkeley, California, mwishoni mwa miaka ya 1920. Wavulana waliokuwa na haya utotoni walichelewa kuoa, walichelewa kupata watoto na walichelewa kuingia katika kazi ya kudumu kuliko wenzao. Kwa hiyo uchunguzi wa shule unaotegemea macho ya watoto wa darasa la kwanza humkamata mchokozi na kumpeleka kwa mshauri, huku mkimya akipita.

Shanghai: umri uleule, jicho jingine

Hitimisho la Montreal lilikuwa na dhana ndani yake ambayo wakati huo haikuulizwa. Kwa kuwa watoto wakubwa walimwona aliyejitenga kuwa mtu asiye wa kawaida, na wadogo hawakumwona hivyo, ilielekea kuaminika kwamba kumwona hivyo ndiyo dalili ya kukomaa. Dhana hiyo ilianza kulegea mwaka 1992, Xinyin Chen, Kenneth Rubin na Yuerong Sun walipolinganisha watoto wa Shanghai na wa Kanada wenye umri wa miaka minane na kumi hivi. Watoto walitakiwa wajifanye waongozaji wa tamthilia na wawagawie wenzao nafasi za wahusika: nani angefaa kuwa kiongozi, nani mgomvi, nani mwenye haya na mwepesi wa kuumia moyo. Nchini Kanada aliyepewa nafasi ya mwenye haya hakupendwa sana. Shanghai alikubalika, na pengine aliheshimiwa. Uchokozi haukupendwa katika nchi zote mbili.

Watoto wa Shanghai hawakuwa nyuma kiakili. Walimtambua mwenye haya vizuri. Walichokiona ndani yake ndicho kilichotofautiana. Mtoto aliyejizuia, aliyesikiliza kabla ya kusema, alifanana na kile wazazi na walimu wa Kichina walichokiita guai, yaani mtoto mwema na msikivu.

Jambo la pekee kuhusu Shanghai ni kwamba utafiti ulirudiwa. Chen na wenzake walikusanya taarifa za watoto wa shule za msingi mwaka 1990, wakarudi mwaka 1998 na tena mwaka 2002, na matokeo ya ulinganisho yakachapishwa mwaka 2005. Mwaka 1990 haya iliambatana na kukubalika, uongozi na maendeleo mazuri shuleni. Mwaka 1998 picha ilikuwa mchanganyiko. Mwaka 2002 iliambatana na kukataliwa na wenzao, matatizo shuleni na huzuni. Katika miaka hiyo kumi na miwili mji ulibadilika: mageuzi ya uchumi yaliharakishwa tangu mwaka 1992, ushindani wa ajira ulipanda, na shule zilianza kuhimiza kujieleza na kuthubutu. Uchunguzi wa baadaye wa watoto wa wahamiaji kutoka vijijini, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba kwao haya bado ilihusishwa na mambo mema.

Matokeo haya ni mtihani mgumu kwa nadharia yoyote inayotegemea umri peke yake. Mtoto wa miaka kumi wa mwaka 1990 na mtoto wa miaka kumi wa mwaka 2002 wana ubongo wa umri mmoja na huenda waliketi katika shule ileile. Wa kwanza alimwona mkimya akampa heshima; wa pili alimwona akamkwepa. Hakuna aliyekomaa zaidi ya mwenzake. Ni kweli kwamba ulinganisho wa aina hii hauthibitishi kwamba mageuzi ya uchumi pekee ndiyo yaliyoleta badiliko hilo, kwani mambo mengi yalibadilika kwa pamoja. Unachothibitisha ni kwamba badiliko linaweza kutokea bila umri kubadilika.

Kokwet: nani ni mwenzake?

Nyingi ya tafiti zilizotajwa, kuanzia Brooklyn hadi Shanghai, zilifanyika darasani, na wenzake wa mtoto walikuwa wale walioorodheshwa katika daftari la mahudhurio. Mpangilio huo ni wa karibuni. Philippe Ariès alionyesha mwaka 1960 kwamba shule za Ulaya ziliwachanganya watoto wa umri mbalimbali kwa karne nyingi. Nchini Marekani shule ya Quincy ya Boston, iliyofunguliwa katika miaka ya 1840, ndiyo inayokumbukwa kwa kuwagawa watoto katika vyumba kwa madaraja. Uingereza ilipanga ruzuku za shule kwa madaraja sita tangu mwaka 1862. Mahali ambapo watoto hawakai hivyo, neno mwenzake lina maana pana zaidi.

Katikati ya miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Watoto wa huko walishinda na ndugu, binamu na majirani wa umri tofauti, wakilea wadogo na kuchunga mifugo. Watafiti walijaribu kuwapima kwa kuwasimulia hadithi fupi na kuwaomba wairudie. Wengi wa wadogo walinyamaza au walisema maneno machache tu, ingawa nje, baina yao, walizungumza bila shida. Makala waliyoitoa mwaka 1977 ilieleza kwa nini. Mtoto wa Kokwet alifundishwa kuielewa kauli ya mkubwa na kuitekeleza. Hakufundishwa kumsimulia mkubwa habari ambayo mkubwa mwenyewe ametoka kuisema. Kunyamaza mbele ya mgeni mzima kulikuwa adabu.

Somo hili linaigusa historia nzima iliyosimuliwa hapa. Kama Livesley na Bromley wangewaomba watoto hao wawaeleze wenzao, wangepata kurasa tupu na wangeweza kuandika kwamba watoto wa Kokwet hawaoni tabia. Lakini watoto hao walijua nani kati yao anaweza kuachiwa mtoto mchanga na nani akiachiwa ng'ombe wataingia shambani. Wakipsigis wana neno ng'om kwa akili ya mtoto, na walitofautisha akili ya nyumbani na akili ya shuleni. Ya nyumbani ilikuwa ile ya mtoto anayefanya kinachohitajika bila kukumbushwa. Akili ya namna hiyo haipigi kelele. Ni sifa ya ndani, na huonekana katika matendo tulivu yaleyale ambayo dodoso la Montreal lingeweza kuyaweka karibu na kujitenga.

Historia ya shule za Afrika Mashariki inaongeza ugumu mwingine. Elimu ya msingi kwa wote nchini Tanzania, kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, na elimu ya msingi bila malipo nchini Kenya mwaka 2003, ziliingiza katika darasa moja watoto waliotofautiana sana kwa umri. Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, ni mfano wa kupindukia, lakini nyuma yake kulikuwa na vijana wengi wa miaka kumi na zaidi walioketi na watoto wa miaka sita. Katika darasa la namna hiyo, kusema kwamba watoto wa darasa la kwanza hawamwoni mwenzao mkimya ni kusema jambo moja kwa darasa na jingine kwa umri. Aidha, kijana wa miaka kumi na mitatu anayenyamaza kati ya watoto wadogo ana sababu zake, na wadogo wanaomzunguka huenda wanaona mkubwa mwenye staha.

Mtafiti atakayetaka kulitafsiri dodoso la Montreal kwa Kiswahili atakutana na tatizo hili katika sentensi yake ya kwanza. Mtoto asiyesema sana anaweza kuitwa mpole, mtulivu, mnyamavu, mwenye haya, mwenye soni, mpweke, mzito au mzubaifu. Maneno matatu ya kwanza yanaweza kuandikwa katika ripoti ya mwisho wa muhula na mzazi akafurahi. Mawili ya mwisho yatamfanya aende shuleni kuuliza kulikoni. Haya na soni yana sura mbili: mtoto mwenye haya husifiwa kwa adabu yake, na mtoto huyohuyo huambiwa aache haya anapotakiwa kujibu swali ubaoni. Watoto wa miaka saba huwa wameshayasikia karibu yote, yakitamkwa na watu wazima juu ya mtoto mmojammoja waliyemwona wakati huo, na hujifunza neno likiwa tayari limebeba hukumu. Ni neno lipi kati ya hayo watoto wa Tanga, Kisumu au Lamu hulichagua kwa mwenzao mkimya wakiwa na miaka saba, na ni lipi wakiwa na miaka kumi na miwili, ni jambo linaloweza kuchunguzwa kwa kuwasikiliza wanapoitana uwanjani, kabla ya kuwapa karatasi.